Masomo ya Penseli

Barua ya chuo cha uuguzi ilifika nyumbani kwa akina Stegall Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, na Kezia aliisoma akiwa amesimama, mlango wa jikoni bado wazi nyuma yake. Zilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilimshukuru kwa kuomba nafasi. Ya pili ilisema juu kabisa kwamba ni kwa ajili ya waombaji waliosomeshwa nyumbani, na chini yake yaliorodheshwa mambo sita.

Baba yake, Lowell, alikuwa mezani, ameegemeza mgongo wake mbovu kwenye mto. Akasema asomewe naye, maana miwani iko mbali na siku hizi yeye si mtu wa kuinuka ovyo. Kezia akasoma kwa sauti. Cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya alama za miaka minne ya mwisho, yenye saini ya mzazi aliyefundisha. Orodha ya vitabu vilivyotumika. Biolojia na kemia, pamoja na maelezo ya kazi za maabara. Daftari la saa za masomo kwa miaka hiyo yote minne. Na la sita, mzazi aape mbele ya mwenye muhuri wa viapo kwamba yote hayo ni kweli.

"Maabara," Lowell akasema. "Mwambie mama yako aandike ile siku mliyompasua chura juu ya meza yangu ya chakula. Mimi shahidi. Sikula siku mbili."

Kezia akacheka. Tangu walipomzika Bibi Opal mwezi wa pili, baba yake hakuwa amesikia kicheko hicho, na alikiacha kiishe chenyewe kabla ya kusema neno jingine. Msichana alikuwa na miaka kumi na minane. Alitaka kuwa muuguzi na hakutaka kuwa kitu kingine chochote.

Rhoda, mama yake, alikuwa kwenye sinki na mgongo wake ulikuwa kwao. Aliuliza karatasi zinatakiwa lini. Kezia akajibu kwamba ni tarehe kumi na tano ya mwezi ujao. Rhoda akasuuza bakuli ambalo lilikwisha suuzwa, akasema madaftari yapo kabatini kwenye ujia, atayatazama.

Akina mama wa kanisa lao waliosomesha watoto nyumbani walikuwa na namna yao ya kutunza daftari, na wakubwa waliwafundisha wadogo. Jumapili baada ya chakula cha mchana, mama aliketi akaandika masomo ya wiki kwa penseli: somo gani, kurasa zipi, saa ngapi. Ijumaa alipita juu ya penseli kwa wino, lakini pale tu palipofanyika kweli. Kisichofanyika kilifutwa kwa ufutio. Daftari lililojaa wino lilikuwa heshima ya mama. Walionyeshana kama vile wengine wanavyoonyeshana mablanketi ya viraka waliyoyashona wenyewe.

Rhoda aliketi sakafuni kwenye ujia, madaftari mapajani. Miaka tisa ya mwanzo ilikuwa wino mtupu, mweusi, wa mkono wake. Kisha ukaja ule mwezi wa kumi ambao mama mkwe wake, Opal, alianguka kwa kiharusi karibu na banda la kuku. Lowell alikuwa ameshaumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao, na Rhoda alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya kufunga nyama kwenye kiwanda cha kuku, akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kezia alikuwa na miaka kumi na mitano. Kuanzia wiki ile, daftari lilikuwa penseli.

Kila Jumapili alikuwa ameandika. Kila Ijumaa hapakuwa na cha kupitishia wino, na hakufuta, kwa sababu kufuta kungekuwa kukiri. Ila pembeni, kwenye ukingo wa ukurasa, aliandika kwa wino yale yaliyofanyika, kwa kuwa mkono wake ulizoea kuandika jambo la kweli siku za Ijumaa. *Hakuna somo. Kezia amemwogesha bibi. Bibi kakataa uji, Kezia kamwimbia, kala vijiko vinane. Kezia kamgeuza mara nne, hana kidonda.* Miaka miwili na miezi minne ya namna hiyo.

Alimpigia simu rafiki yake, Leatha Pruitt, aliyesomesha watoto watano na kuwafikisha vyuoni watatu. Leatha alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulizoea, kisha akamshauri achukue kalamu, achemshe chai, afungue redio, apitishe wino juu ya kila kitu.

"Shoga yangu, hiyo ndiyo biolojia yenyewe," alisema. "Nionyeshe mtoto wa shule aliyemtunza mtu aliyepooza miaka miwili asipate kidonda hata kimoja. Andika sayansi ya afya, mpe alama ya juu, ulale."

Rhoda akasema kwamba kurasa hazikusomwa. Leatha akaacha mzaha. Akasema hakuna hata mama mmoja kati yao aliyewahi kukimaliza kitabu cha kemia, na kwamba Mungu anajua walivyojitahidi.

Lowell naye alisema vivyo hivyo alipoulizwa, kwa maneno machache zaidi.

Jumamosi Kezia alimfuata mama yake kwenye kamba ya nguo, akashika ncha ya pili ya shuka wakalikunja pamoja. Alimkumbusha kwamba muda unakwisha. Rhoda akamwambia kuhusu penseli.

"Najua, Mama. Nilikuwa naliona kila siku pale juu ya jokofu."

"Basi unajua siwezi kuapa."

"Pitisha wino tu. Nikishaingia chuoni nitasoma yote niliyoyakosa. Mimi si mjinga."

"Hujawahi kuwa mjinga siku hata moja," Rhoda akasema, na akaliweka shuka kwenye kapu polepole. Akamwambia kwamba Alhamisi, siku yake ya mapumziko, wataenda benki kwa Bwana Gaddis mwenye muhuri. Ataliapia daftari kama lilivyo, na mengine atawaeleza watu wa chuo kwa mdomo wake. Kezia alitazama chini, akaokota vibanio vya nguo kimoja kimoja.

Jumatano kulikuwa na msiba kanisani na Rhoda, akitoka kiwandani, alipitia huko kupika. Alipika viazi na jibini kwa watu sitini. Aliporudi, miguu imevimba, alikuta gauni lake la Jumapili limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, na karatasi zote na madaftari yamepangwa ndani ya mfuko, tayari. Alisimama akalitazama lile gauni. Hata ukosi ulikuwa umenyooshwa kwa uangalifu, upande wa ndani pia. Hakuufungua mfuko. Alikwenda kulala na shukrani moyoni.

Bwana Thurman Gaddis alikuwa mzee wa dirisha la pili pale benki, na alimjua Kezia tangu akiwa anabebwa. Nyuma yao walipanga mstari watu wanne, mmoja wao binamu yake Leatha. Bwana Gaddis alivaa miwani, akasoma maneno ya kiapo kwa sauti ndogo ili yabaki yao watatu. Kwamba Rhoda Stegall ndiye aliyefundisha. Kwamba daftari hili ni kumbukumbu ya kweli ya saa za masomo.

"Fungua ukurasa wa mwisho, Bi Rhoda, niweke muhuri karibu na saini yako," akasema.

Rhoda akafungua. Ukurasa ulikuwa wa wino. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, kisha kumi. Wino wote, wa bluu, mpya, mkono wa binti yake ukijitahidi kuinama kama mkono wake. Biolojia, saa moja na nusu. Kemia, maabara, saa mbili. Na pembeni, pale alipokuwa ameandika habari za uji na maji ya kuoga, palikuwa pamepakwa wino mweupe wa kufutia, mstari kwa mstari, umekauka na kupasuka kama chokaa ya ukuta. Msichana alikuwa amemfuta bibi yake siku baada ya siku.

Rhoda aligeuka kumtazama. Kezia alikuwa amekaza macho kwenye kikombe cha kalamu cha Bwana Gaddis.

"Bi Rhoda, unaapa?"

Mtu mmoja kwenye mstari alikohoa. Rhoda akaweka kalamu chini. Alisema kwamba anaomba asiape leo.

Bwana Gaddis alitazama ukurasa, akamtazama msichana, akaona yote. Akafunga daftari kwa mikono miwili. Kisha akauinua muhuri wake, akaubonyeza hewani mara mbili, na akawatangazia watu wa nyuma kwamba umekauka wino, aibu kubwa kwa benki nzima, akina Stegall wamefunga safari bure na kosa ni lake. Binamu wa Leatha akasema benki hiyo nayo siku hizi ni ya ovyo. Bwana Gaddis akakubali kwamba kweli ni ya ovyo.

Ndani ya pikapu hakuna aliyewasha redio. Walikwisha pita kanisa na duka la mbegu ndipo Kezia akasema.

"Uliponihitaji nikae na Bibi hukuhitaji kiapo cha mtu."

Rhoda akapunguza mwendo.

"Nilikaa. Sikuuliza. Emma Pruitt alikwenda kambi, akaenda kuimba, akafanya mtihani wa udereva mara tatu. Mimi nilibadilisha mashuka. Na sasa ninyi nyote mnasema nilifanya jambo kubwa, lakini halina pa kuandikwa. Basi niliandika pengine. Kosa langu ni lipi?"

"Hukukosa."

"Kwa nini hukutia saini?"

Rhoda alitaka kusema kwamba siku moja Kezia atakuwa ameshika sindano juu ya mkono wa mtu, na mtu huyo atakuwa na haki ya kujua kwamba anayemchoma aliisoma ile kemia. Lakini aliona kwamba maneno hayo, hata kama ni ya kweli, hayana haki ya kutoka kinywani mwake. Akasema hajui. Kezia akageuza uso dirishani na akalia bila sauti, kama alivyojifunza kulia katika chumba cha mgonjwa.

Kwa siku tatu, kila alipotoka kiwandani, Rhoda aliketi kwenye ngazi za nyuma akikwangua wino mweupe kwa kucha na wembe wa zamani wa Lowell. Sehemu nyingine karatasi ilitoboka. Sehemu nyingine maneno yalirudi, yamefifia. Wino wa bluu hakuweza kuutoa, kwa hiyo aliandika kwenye karatasi ya mbele kwamba masomo yaliyoandikwa kwa wino wa bluu hayakufanyika, kwamba mwalimu alikuwa kazini na mwanafunzi alikuwa akimtunza mgonjwa, na kwamba kosa lolote lililomo ni la mwalimu. Karatasi hiyo aliipeleka kwa Bwana Gaddis peke yake. Aliiapia. Bwana Gaddis akagonga muhuri na akakataa dola zake tano, akisema bado ana deni la ile siku ya kwanza.

Msajili wa chuo aliitwa Bi Delphine Askew, mwanamke wa makamo mwenye sweta mabegani hata katika joto lile. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili vya wageni, na kimoja kilijaa mafaili. Aliyaondoa mwenyewe ili mama na binti wakae wote wawili.

Alisoma karatasi ya mbele. Kisha akafungua daftari na kuanza kusoma pembeni mwa kurasa, na hakuharakisha. Rhoda alisubiri na mkoba mapajani kama mtu aliye kliniki. Kezia alikuwa amekataa kuja, halafu akaja. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

Bi Askew aliuliza kuhusu jambo moja tu, kama ni kweli kwamba mgonjwa hakupata kidonda muda wote ule. Alimuuliza Kezia mwenyewe. Kezia akasema alipata kimoja, kwenye kisigino, mwezi wa kwanza, kabla hajajua kuweka mto chini ya mguu. Kikapona. Hakikurudi.

"Mama yangu alikuwa navyo vitatu," Bi Askew akasema. "Na alikuwa hospitali."

Akafunga daftari, akaweka kiganja juu yake. Aliwaeleza bila kuzungukazunguka. Orodha ile si yeye aliyeiandika. Bila biolojia na kemia hawezi kumwingiza mtu uuguzi, na hata angeitafuta njia, msichana angeshindwa kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka na ada isingerudishwa. Njia iliyobaki ni ya watu wazima. Kuna darasa la jioni maktaba ya wilaya, la wanaotafuta cheti cha kumaliza shule. Huko watampima kujua aanzie wapi. Akifaulu, arudi kwake, aanze na sayansi. Mwaka mmoja na nusu, labda miwili.

"Ningekuwa na mahali pa kuandika haya mliyoniletea, ningeyaandika," alisema. "Nimetafuta wakati nikisoma. Hakuna mahali."

Ilikuwa saa yake ya chakula na mkate wake ulikuwa pale mezani, bado kwenye karatasi. Hakuugusa. Alichukua simu akaipigia maktaba wakiwa wamekaa palepale, akalitaja jina la Kezia herufi kwa herufi, akahakikisha limeandikwa.

Darasa lilianza wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Ilikuwa maili thelathini na nane. Rhoda aliomba zamu yake ibadilishwe, akapewa ya kusafisha mashine, yenye harufu mbaya zaidi, na alimshukuru msimamizi.

Siku ya kwanza alibaki ndani ya pikapu chini ya kivuli cha jengo, akiwatazama watakaosoma na binti yake wakiingia. Mwanamume mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mama kijana aliyembeba mtoto, na mzee mmoja aliyemfungulia mlango na kumshikia begi. Kezia aliingia wa mwisho. Alikuwa na kalamu tatu.

Alitoka baada ya saa moja na nusu. Alipanda, akafunga mlango, akaweka kitabu chembamba mapajani.

"Mwalimu ni mtu mzuri," akasema. "Bi Tuttle. Aliniita pembeni, hakusema mbele ya watu."

Rhoda akaondoa mkono kwenye ufunguo.

"Kusoma na kuandika, kasema hana cha kunifundisha. Sayansi darasa la saba." Akakigeuza kitabu upande wa pili. "Hesabu darasa la sita, Mama."

Pale maegeshoni yule mama kijana alikuwa akimfunga mtoto kwenye kiti, akimwimbia kitu cha kijinga. Kezia alimtazama hadi alipomaliza.

"Bibi alianguka nikiwa na miaka kumi na mitano," akasema. "Wenzangu wa miaka kumi na mitano walikuwa darasa la tisa. Nimekuwa nikihesabu humo ndani. Hata nikiitoa ile miaka ya Bibi yote, hesabu haiji."

"Haiji," Rhoda akasema.

"Si Bibi, basi."

"Si Bibi."

"Ulijua?"

Watu wengi wangemwonea huruma Rhoda kama angesema hapana wakati ule, na Kezia angeamini, kwa sababu alitaka kuamini. Rhoda aliitazama mikono yake.

"Nilijua. Tulipofika aljebra niliona siwezi. Nilikuwa nakaa usiku na kile kitabu na sikielewi. Nikakurudisha kwenye kitabu cha nyuma. Nikakuambia ni marudio. Mwaka uliofuata nikakurudisha tena."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Na hukumwambia mtu."

"Wale wenzangu walikuwa wananionyesha madaftari yao, mwanangu. Niliona aibu." Akavuta pumzi. "Kisha bibi yako akaanguka, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona afadhali. Nilipata sababu."

Kezia hakulia. Alishuka, akazunguka mbele ya gari hadi upande wa dereva, akafungua mlango.

"Sogea," akasema, kwa upole. "Umechoka. Nitaendesha mimi."

Aliendesha maili zote thelathini na nane, vizuri, akiwapisha watu kwenye daraja jembamba. Walipofika, jua lilikuwa bado liko juu ya paa la banda. Lowell alikuwa amechemsha maharagwe na kuoka mkate wa mahindi, akiwa amesimama kwa mgongo ule, na alimuuliza binti yake darasa likoje. Kezia akambusu kichwani akasema ni zuri, ila ana kazi ya nyumbani.

Miaka yote alikuwa amesomea mezani pale jikoni, mama yake upande wa pili. Jioni ile alipita meza akaenda hadi chumba kilichokuwa cha bibi yake, akafunga mlango.

Rhoda alimpakulia. Alibeba sahani hadi pale mlangoni na akainua mkono agonge, kisha akasikia sauti. Kezia alikuwa akifanya hesabu za sehemu kwa mdomo, taratibu, nambari ya juu, nambari ya chini. Akakwama. Akaanza upya kutoka mwanzo, akapata jibu, akalitamka mara mbili kama anayelijaribu.

Mama yake alisimama na sahani hadi maharagwe yakapoa, akisikiliza, asijue kama binti anapatia au anakosea.